Kengele ya Mbuzi Kwenye Pua ya Ndege

Ting'. Kimya. Halafu tena, ting', ting'.

Mpaka leo nikisikia kengele ya mbuzi nasimama kidogo, hata kama nimejitwika maji. Lakini ile ninayoikumbuka kuliko zote haikutoka shingoni mwa mbuzi. Ilitoka juu ya kichwa changu, jua limeshuka, upepo wa jioni ndio kwanza unaamka, nami nimebana pumzi nisije nikaifunika sauti yenyewe kwa kuhema kwangu. Heri nianze mwanzo, nieleze jinsi kengele ya mbuzi ilivyofika huko juu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapa Isiolo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka kadhaa nyuma, na masomo yangu yaliishia hapo. Niliishi na nyanya, mama mzaa mama, pembeni mwa mji, kwenye nyumba ya vyumba viwili na zizi la mbuzi wachache. Sisi Waborana nyanya tunamwita akko, na ndivyo nitakavyomwita. Mama yangu alikuwa kazini Nanyuki, tukimwona sikukuu. Mchana nilishinda kwenye kibanda cha mjomba nyuma ya soko. Mjomba alikuwa fundi wa redio. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupokea wateja, kulehemu nyaya ndogo ndogo kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba kuliko vyake, na kuota ndoto mchana kweupe. Hiyo ya mwisho sikuajiriwa kwayo. Niliifanya kwa kujitolea.

Sasa kulikuwa na Mzungu mmoja mchimba visima, ambaye redio yake ilikuwa ikiharibika kila mara kwa vumbi na mjomba akiifufua. Alipomaliza kazi na kurudi kwao, alipita kibandani akashusha sanduku refu la karatasi ngumu, akamwambia mjomba kwamba hii ni zawadi, yeye hana nafasi nayo kwenye mizigo. Tulipofungua tulikuta ndege. Mabawa yalikuwa mekundu, marefu kama mikono yangu nikiinyoosha yote miwili. Mwili ulikuwa wa mti mwepesi, ukiubonyeza unalia kama biskuti. Puani palikuwa na injini ndogo kama ngumi ya mtoto, na pangaboi mbele yake. Kando kulikuwa na kisanduku chenye vijiti viwili na eria ndefu ya kuvuta. Ukisukuma kijiti huku, mkia unatikisika kule, na katikati hakuna waya hata mmoja.

Mjomba alikisukuma kile kijiti mara nyingi sana. Mwishowe akasema amezoea sauti kusafiri bila waya, lakini hajawahi kuona mkono ukisafiri.

Mimi nilikuwa napapasa mabawa. Tangu utotoni, ndege ndogo ikipita kuelekea uwanjani nilikuwa naacha kila kitu nakimbia nje. Mjomba alijua. Akanisukumia kile kisanduku.

"Redio ni yangu," akasema. "Kuruka ni kwako. Si ni wewe unayeunguza ugali ukitazama mawingu?"

Basi tukaanza. Mipira ya kufungia mabawa ilikuwa imeoza kwa joto, tukakata mingine kutoka blada ya baiskeli. Mafuta ya injini yalikuwa ndani ya debe dogo lililokuja na sanduku, na yalinuka mafuta ya mbarika, yale tuliyokuwa tukinyweshwa utotoni kusafisha tumbo. Nilipoileta ndege nyumbani akko aliinusa kutoka mlangoni, akauliza kwani huyu naye amefunga choo.

Halafu akavuta kigoda akakaa mbele yake, akaichunguza kama anayetaka kumnunua mnyama. Aliuliza kama ina kamba. Nikamwambia haina. Aliuliza kama inajua nyumbani. Haijui. Ukiipigia mluzi inakuja? Haiji. Mjomba akamweleza kwa upole kwamba inaendeshwa kwa redio, haiwezi kupotea. Akko akamtazama mwanawe huyo mwenye mvi.

"Ngamia ana macho, ana pua, ana mama yake, na anapotea," akasema. "Hii haina hata mama."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kengele ndogo ya chuma, nyeusi, si kubwa kuliko yai la kuku. Niliijua. Ilining'inia juu ya kitanda chake siku zote, na siku zote ilikuwa bubu, kwa sababu tumboni mwake palikuwa pameshindiliwa kitambaa.

Kengele hiyo ilikuwa ya mbuzi kiongozi wake, enzi akiwa na mifugo upande wa Kulamawe. Wakati wa zile vurugu ambazo wazee wetu huzitaja kwa sauti ya chini, familia ilihama kwa kupita vichakani, na ilibidi isisikike. Mama alibeba vyombo, mjomba alisukuma mbuzi, akko akanibeba mimi mgongoni, mtoto wa kunyonya. Alichana pindo la nguo aliyonibebea akaiziba kengele nalo. Mbuzi waliisha njiani, mmoja mmoja. Kengele ikafika Isiolo ikiwa imefunga mdomo, na ikabaki hivyo. Ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho cha kule.

Hadithi hiyo alikuwa akiisimulia kwa kicheko, akimalizia kwa kunisuta: "Kengele niliweza kuiziba. Wewe nilikosa nguo ya kukutosha."

Siku hiyo hakusimulia. Aliingiza kidole akakivuta kile kitambaa, akanipa nikishike, kama unavyompa mtoto ganda la ndizi alishike ukiwa unamenya. Nikakitia mfukoni. Akaitikisa kengele. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia ikilia. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, ya juu. Mjomba aliacha alichokuwa anafanya. Yeye aliwahi kuifuata sauti ile kila siku ya utoto wake.

Nilimwambia akko siwezi kuichukua, itapotea.

"Aliyevaa hii hajawahi kukosa kurudi jioni," akasema. "Ifunge. Kengele si ya kuchunga ukuta."

Kisha akaongeza, akiwa anaangalia pembeni: "Lakini irudi."

Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Tuliifunga kengele mkiani. Tungeifunga wapi? Puani kulikuwa na pangaboi, na shingo ya ndege hatukujua iko wapi. Asubuhi mapema, kabla upepo haujachafuka, tukaenda kwenye uwanda ulio wazi upande wa barabara ya Kinna, ambako hakuna nyumba wala waya za stima. Upepo tuliupima kwa kurusha vumbi na kutazama linakoegemea. Mjomba akaiwasha injini, ikapiga kelele kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Akaishika juu ya kichwa, akakimbia, akaiachia.

Ndege ilisimama kwa miguu ya nyuma. Sijui niseme vipi tena. Umemwona mbuzi akijinyoosha kufikia maganda ya mgunga? Ilipanda hivyo hivyo, pua juu, mkia chini, ikasimama hewani kidogo, kisha ikaanguka chali.

Wachuuzi waliokuwa wakiswaga mbuzi kuelekea mnadani walisimama kutazama. Mmoja aliuliza kama hiyo ni ndege au ni kuku. Mwingine alimwambia mjomba aache msichana akaolewe kwa amani, ya mbinguni awaachie malaika. Mjomba aliwajibu kwamba malaika nao walianza kwa kujifunza. Mimi sikusikia sana, kwa kuwa nilikuwa tayari nimepiga magoti naipapasa kengele. Ilikuwa nzima. Nilicheka peke yangu pale chini kama mtu aliyeona pesa barabarani. Bawa limevunjika, pua imebonyea, na mimi nacheka.

Tuliunganisha mbavu za bawa kwa njiti za kiberiti na gundi ya seremala. Tukiwa tunasubiri ikauke, nilifunua kile kijitabu kilichokuwa sandukuni. Kizungu chake kilikuwa kigumu, lakini picha zilieleweka. Moja ilimwonyesha mtu ameiinua ndege kwa ncha za vidole viwili tu, kimoja chini ya kila bawa, nayo imetulia, pua imeinama kidogo. Nikajaribu na yetu. Mkia ulizama kama punda aliyefungwa mitungi yote nyuma.

Nikamtazama mjomba, naye akanitazama. Punda tumewapakia maisha yetu yote. Mtoto mdogo wa Isiolo anajua mzigo ukilala nyuma punda atainua kichwa na kukataa njia. Lakini kwa kuwa hii ilikuja sandukuni kutoka ng'ambo, tulidhani ina sheria zake nyingine.

Tuliihamisha kengele tukaifunga kwa waya chini ya injini, nyuma ya pangaboi. Nikainua tena kwa vidole viwili. Ikatulia. Pua ikainama kidogo, kwa adabu, kama kwenye picha.

Asubuhi iliyofuata iliruka. Naandika neno moja tu, iliruka. Ilipanda taratibu, ikaupita mgunga, ikawa nyekundu juu ya vilima. Ikienda mbali nami nilijua la kufanya: kijiti kushoto, nayo kushoto. Ilipogeuka kunijia ndipo mambo yakawa kinyume. Nasukuma kushoto, yenyewe inakwenda kulia kwangu, mjomba anapiga mayowe yasiyonisaidia. Kilichoniokoa ni mazoea ya kuongoza mbuzi wakiwa nyuma yangu. Niliigeuzia mgongo, nikaelekea kule inakoelekea, nikaitazama juu ya bega. Kushoto kwake kukarudi kuwa kushoto kwangu. Mafuta yalipoisha injini ilinyamaza, na katika ule ukimya tukaisikia kengele ikishuka, ting', ting', mpaka chini. Ilitua kwa tumbo kwenye vumbi laini, ikaburuzika, ikasimama.

Nilikimbia nayo nyumbani. Akko alikuwa anakamua. Alisikia kengele kabla hajaniona, na alipoinua uso ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake, wa msichana. Ukatoweka mara moja. Akasema naona mnyama wako amerudi, na ananuka vilevile.

Tuliruka hivyo asubuhi nyingi, na kila mara kengele ilirudi. Nilianza kuzoea.

Mawe ya redio, yaani betri, yakichoka, Isiolo hayatupwi. Yanapangwa juu ya bati yapigwe na jua siku nzima, na jioni redio inasoma habari tena, ingawa mara nyingi inakufa kabla ya kufika hali ya hewa. Mjomba alifanya hivyo kwa redio za mji mzima. Mawe ya kile kisanduku yalipolegea tukayapanga juu ya bati pia. Kesho yake yalikuwa na nguvu. Nilisukuma kijiti, mkia ukatikisika vizuri. Hatukuwaza zaidi.

Siku hiyo ndiyo akko aliyochagua kuja kutazama. Alikuja na fimbo yake na shuka ya Ijumaa, akakalia debe tulilomwekea. Ndege ilipanda vizuri kuliko siku zote. Ilizunguka juu yake, naye akaifuata kwa kidevu, mdomo wazi. Ilipofika upande wa mbali nikasukuma kijiti igeuke. Haikugeuka. Nikasukuma tena, nikasukuma mpaka kidole kikauma. Iliendelea kwenda, imenyooka, imetulia, haina haraka, kama mtu anayejua aendako. Mjomba alininyang'anya kisanduku, akakipiga kofi kama anavyopiga redio. Mlio wa injini ulipungua ukawa kama mbu, kisha hata mbu hakuwepo.

Akko alikuwa amesimama, mkono juu ya macho. Kengele ilikuwa imekwenda nayo. 

Mjomba alishika njia ya kushoto, mimi nikaenda moja kwa moja kule ilikopotelea. Nilidhani akko atarudi nyumbani. Nilipogeuka nilimwona ananifuata na fimbo yake, polepole, shuka ikinasa kwenye miiba na yeye akiinasua. Jua lilipanda. Nilichungulia kila kichaka, kila korongo. Nilikutana na wachungaji nikawauliza kama wameona kitu chekundu kikipita juu. Mmoja akacheka, akasema alikiona, na kwa jinsi kilivyokuwa na haraka, bila shaka kimeenda kuolewa Kinna. Nilimshukuru nikaendelea kutafuta. Mchana ukasimama, ule mchana wa kwetu ambao hata jani halitikisiki. Nilisikiliza mpaka masikio yakaanza kuniundia kengele zisizokuwepo.

Nilimpata akko amekaa kwenye kivuli chembamba anakunywa maji ya kibuyu. Nikapiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimejipanga kumwambia mengi, ikatoka moja tu.

"Akko, nimekupotezea."

Alinipa kibuyu ninywe kwanza.

"Mbuzi aliyelala halizi kengele," akasema. "Huko aliko amelala tu. Ngoja upepo umwamshe."

Tukangoja. Aliniambia nilaze kichwa mapajani mwake nami nikalaza, mtu mzima mimi, wa kuposwa. Mjomba alitufikia baadaye, mikono mitupu, akakaa kando yetu. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Jua likaanza kushuka na vumbi la mbali likapata rangi ya chai. Kisha nikahisi upepo kwenye kifundo cha mguu, kwanza kidogo, halafu shuka ya akko ikainuka pindo.

Ting'.

Nilisimama nikabana pumzi. Kimya. Halafu tena, ting', ting', kutoka upande ambao nilikuwa nimepita mara mbili nikitazama chini. Nilikuwa nimeitafuta kama anavyotafutwa mbuzi, kwenye vichaka na makorongo. Nilitembea kuifuata sauti mpaka ikawa juu ya kichwa changu, nikainua macho. Ilikuwa imekaa kileleni mwa mgunga, bawa moja limechanika, miiba imeishika kila upande kama mikono mingi, na chini ya pua yake kengele ikicheza na upepo.

Niliita, lakini akko hakuhitaji kuitwa. Alikuwa tayari amekaa chini, pale pale alipofika, amefunika mdomo kwa shuka na mabega yanatikisika. Nilimkimbilia nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, akasema alhamdulillahi, yuko, kisha akainua uso akaipigia kelele ndege:

"Wewe! Umeshiba? Shuka twende!"

Mjomba alikimbia akaazima kwa wachungaji upembo wa kuangushia maganda, akainasua taratibu, matawi yakilalamika. Aliipokea ndege kifuani, akafungua waya puani kwa meno, na kengele akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili.

Tulirudi tukiwa hoi na midomo imepasuka, na sikumbuki matembezi mengine mepesi kama yale. Ndege ilikuwa begani kwa mjomba, bawa lake bovu likipiga piga mgongo wake. Akko alitangulia. Aliishika kengele kwa kamba yake, hakuuzuia ulimi wake hata kidogo, ikawa inalia kwa kila hatua. Wachungaji waliokuwa wakirudisha mifugo walipisha njia, wakidhani kuna mbuzi anakuja, wakaona mwanamke mzee. Walisalimu, salaam aleikum, naye akawaitikia kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Tulipofika alikwenda zizini na viatu vyenye vumbi, akamshika mbuzi jike mdogo mwenye paji jeupe, akamfunga kengele shingoni. Nikakumbuka kitambaa. Kilikuwa bado mfukoni mwangu tangu siku ile. Nikamtolea.

"Cha nini?" akasema, bila kugeuka. "Siku hizi mtu akilala na kelele hafi."

Bawa lilichukua muda kupona. Mjomba alinunua mawe mapya, akaapa yale ya bati yabaki kwa redio za watu wasioruka. Puani, mahali pa kengele, tulifunga nati za lori zenye uzito uleule, nami nikaipima kwa vidole viwili mpaka ikainama kwa adabu yake ya zamani.

Asubuhi ya kwanza ya kuruka tena nilitoka peke yangu. Nyuma yangu, zizini, kengele ilikuwa imeshaamka. Nilifika uwandani nikaweka ndege chini, nikavuta eria ya kisanduku mpaka mwisho. Nikainama kuchota vumbi la kupima upepo, kisha nikaliacha. Nikatoa mfukoni kile kitambaa, nikakifunga kwenye ncha ya eria, fundo juu ya fundo, nikakiinua, nikangoja kinionyeshe upepo unakotoka.